Maswali ya wasomaji: gemu ya watu, video yangu, ruhusa iko wapi?

Wiki hii barua nyingi zinaulizia kitu kimoja, watu wanatengeneza vitu vyao kutokana na gemu alafu wanaogopa kopirait, yaani hakimiliki. Nimechukua tatu.

SWALI: Kaka habari za kazi. Mi narekodi gemu ya GTA V nikicheza huku natangaza kwa Kiswahili, naigiza konda wa daladala, watu wanacheka sana. Juzi video moja imepigwa kleimu YouTube, yaani mtu kadai kuna kitu chake ndani, hela ya matangazo haiji tena kwangu. Ndo Rockstar wenye gemu wamenikamata? Niwaandikie niombe ruhusa? (Msomaji, Tandika)

Salama mdogo wangu. Usihangaike kuwaandikia, ruhusa ya hicho kitu walishaitoa zamani na ipo kwenye tovuti yao, wanasema video za wachezaji hawana shida nazo na hela ya matangazo ya YouTube hawaihesabu kama biashara, wanachokataa ni mambo kama kumwaga stori ya gemu kabla watu hawajaicheza.

Aliyekukamata nadhani ni wimbo. Konda gani anaendesha kazi bila mziki? Umewasha redio ya gari umeacha inapiga, na YouTube wana mtambo unaitwa Content ID, unasikiliza kila video inayopandishwa na kulinganisha na nyimbo za wenyewe. Rockstar walilipia zile nyimbo zikae ndani ya gemu, hawakulipia zikae kwenye chaneli yako, kwahiyo ruhusa yao haikusaidii kitu hapo. Ingia kwenye mipangilio ya sauti shusha mziki mpaka sifuri, injini na honi utabaki nazo, na maneno yako ndo watu wanayafuata. Ile video ya zamani usiifute, nenda YouTube Studio, inakuruhusu kunyamazisha wimbo au kukata kile kipande. Na usichanganye kleimu na straiki. Kleimu mara nyingi video inabaki, hela ndo inaenda kwa mwenye wimbo. Straiki, yaani onyo la kopirait, ndo mbaya, zikifika tatu ndani ya siku 90 chaneli inaweza kufutwa.

Ila kila kampuni na sheria zake, leo uko GTA kesho utahamia Mario ya Nintendo. Nintendo walikuwa wagumu kweli, mwaka 2015 walianzisha mpango wa kugawana na watu wa YouTube hela ya matangazo, mtu anatengeneza video yake mwenyewe alafu Nintendo nao wanakata chao, watu wakalalamika mpaka 2018 wakaufunga na Novemba mwaka huohuo wakatoa mwongozo mpya. Sasa hivi unaruhusiwa kupata hela kupitia YouTube, sharti uweke chako ndani yake, maelezo, utani, chochote cha kwako, ukipandisha gemu tupu tu bila neno hawataki. Na mwongozo ni wa mtu binafsi, sio kampuni. Konda wako anakuokoa hapo.

SWALI: Shikamoo. Nasomea kompyuta mwaka wa pili, nataka kutengeneza Pokémon ya Mombasa, Pikachu anavuka Likoni na feri, unakamata wengine Old Town. Sitauza, nagawa bure kabisa. Kuna shida? (Msomaji, Mombasa)

Marahaba mwanangu, wazo tamu ila shida ipo kubwa, Pokémon ina wenyewe, Nintendo na Pokémon Company. Hiyo "bure kabisa" watu wengi wanadhani ni kinga, sio kinga. Agosti 2016 kuna jamaa wa Argentina alitoa gemu inaitwa AM2R, alichukua Metroid, gemu ya zamani ya Nintendo ya Game Boy, akaijenga upya, miaka karibu kumi ya kazi, akaigawa bure, na Nintendo wakaiondoa mtandaoni fastafasta. Mwaka uliofuata wakatoa ya kwao ya gemu ileile. Mwezi huohuo wa Agosti Pokémon Uranium nayo, ilikuwa bure pia, ikapakuliwa mara zaidi ya milioni moja na nusu, waliotengeneza wakaitoa wenyewe baada ya barua za wanasheria.

Sega, kampuni yenye gemu za Sonic, wao walifanya tofauti, walimchukua kijana aliyekuwa anachezea programu za Sonic kama shabiki tu, wakampa kazi, 2017 ikatoka Sonic Mania na watu wakaipenda kuliko Sonic nyingi za Sega wenyewe. Mimi naona Sega walikuwa na akili zaidi, ila huwezi kupanga maisha yako kwa kutegemea bahati ya hivyo.

Feri ya Likoni ni ya kwako, Old Town ni ya kwako, Pikachu ndo wa watu. Mtoe. Buni viumbe vyako, tena pwani hatukosi majini. Hapo pia uangalie namna ya kukamata, maana Septemba 2024 Nintendo na Pokémon Company waliishtaki huko Tokyo kampuni iliyotengeneza gemu ya Palworld, na kesi ni ya hataza, yaani haki ya namna kitu kinavyofanya kazi, sio picha, kwahiyo mambo ya kurusha kimpira ili mnyama aingie ndani yaache, tafuta njia nyingine.

SWALI: Natengeneza skini, yaani rangi na michoro ya nje, za mabasi ya mikoani kwenye gemu ya Bus Simulator Indonesia, nauza WhatsApp elfu mbili mbili. Ni kosa? (Msomaji, Morogoro)

Kupaka rangi basi lako na hata kuingiza modi ya gari, yaani gari lililotengenezwa na wachezaji, ni kitu ambacho gemu yenyewe imekufungulia mlango, hilo lisikusumbue. Kuuza ndo angalia. Kwa mfano wenye gemu ya Minecraft wao wamesema waziwazi, modi uliyoijenga mwenyewe ni mali yako ila usiiuze, kwahiyo usidhani kinachoruhusiwa kutengenezwa kinaruhusiwa kuuzwa, soma masharti ya hao wa Indonesia kabla hujatangaza bei. Alafu ile nembo ya ubavuni ni ya kampuni ya basi, wala sio ya wenye gemu, hao uko nao mkoa mmoja, nenda ofisini kwao stendi kaongee nao, pengine wakakupa kazi ya kuwachorea basi la kweli.