Maswali yenu: bajeti ya wadi, maembe na mchanga wa mto

Wiki hii maswali mengi yametoka huku kwetu Makueni, nimechagua yale ambayo watu wameuliza zaidi ya mara moja.

Kila mwaka tunaitwa mkutano wa bajeti, tunaomba maji, halafu tunaletewa taa ya barabarani. Tuendelee kwenda kweli? (Mama, Kathonzweni)

Endelea mama, tena usiende peke yako. Lakini kwanza jua unaenda mkutano gani, manake hapa ndio wengi tunapotelea. Ile mikutano ya Februari na Machi ambayo watu wanajaa, wakati huo mambo mengi yashapangwa. Sheria ya fedha za umma ya 2012 inataka mpango wa maendeleo wa mwaka ufike bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, bajeti yenyewe inafuata kufikia Aprili 30, na mradi ambao haukuwa kwa ule mpango wa Septemba ni kazi kweli kuupenyeza baadaye. Kwa hivyo maji yaombeni Julai na Agosti.

Na msiseme tu "tunataka maji" mkaketi. Semeni kisima kitakuwa wapi, nani ametoa ardhi na amekubali kuandikiana, ni boma ngapi zitachota, na pampu ikiharibika nani atamlipa fundi. Nimeketi kwa hivi vikao miaka mingi na nimeona ombi lenye majibu hayo likipita huku wale wa kelele wakirudi nyumbani mikono mitupu. Halafu kabla watu hawajatawanyika, mwambie karani asome alichoandika, kwa sauti, kila mtu asikie. Pia kumbuka huku kwetu vikao vinaanzia kijijini ndio vinapanda mpaka wadi, na wadi ziko 30, na kila mahali watu wanachagua wa kuwasemea huko juu. Ukikosa kile cha kijiji, kule kwa wadi unaenda kusikiliza wengine.

Mimi ni mwanakamati wa mradi wa zahanati. Ukuta umepasuka na kontrakta ananisukuma nisaini ati kazi imeisha. (Kaiti)

Usisaini ndugu yangu. Makueni iliamua kamati ya wananchi ikague kazi kabla kontrakta kulipwa, kwa hivyo hiyo sahihi yako ndio pesa yenyewe, na ndio maana anakufuata mpaka nyumbani. Omba BQ, ile karatasi ya vipimo na bei, uangalie simiti na nondo vilivyoandikwa ni vingapi na vilivyowekwa ni vingapi. Piga picha zenye tarehe. Wakikunyima hiyo karatasi andika barua ukitaja Sheria ya Kupata Habari ya 2016, wanafaa kukujibu ndani ya siku 21, na wakinyamaza unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, na hiyo ni bure.

Watakuita mpinga maendeleo, najua, na inauma hasa ikitoka kwa jirani. Lakini sisi tumeshaona mambo yakiharibika. Gavana Kivutha Kibwana na wawakilishi wa wadi waligombania bajeti mpaka 2014 risasi zikalia pale Wote, watu wakasaini ombi kaunti ivunjwe, na ni Rais Uhuru Kenyatta aliyekataa kuivunja 2015. Nani anataka turudi huko? Simama hapo hapo na wenzako wa kamati, na msikubali kuitwa mmoja mmoja.

Nina miembe 40, broka anataka kununua kwa hesabu ya embe moja moja. Nimuuzie ama nipeleke kiwanda cha Kalamba? (Mbooni)

Kaka, kabla ya kumjibu chukua maembe kumi ya kawaida upime, manake broka anahesabu embe na kiwanda kinapima kilo. Kiwanda kinasaga rojo ya juisi kwa hivyo umbo sio neno, wanachoangalia ni kama limeiva vizuri na halina funza, lakini lile embe la aina ya Apple zuri lisilo na doa litafutie soko la kula. Usafiri ndio unakula faida ya mtu mmoja, jiungeni majirani mjaze lori. Na nzi wa matunda mumalizeni pamoja, yale yaliyoanguka yafungeni kwa mfuko mweusi muache juani ama mzike chini kabisa, kwa sababu ukisafisha kwako na jirani ameacha yaoze, wanarudi. Huyu nzi ndiye alifanya Kenya isimamishe kuuza maembe Ulaya 2014, na tulirudi 2021, hiyo ni miaka saba ya hasara.

Vijana wetu wanasomba mchanga usiku. Tukiwazuia watakula nini? (Mzee, Kibwezi)

Mzee wangu, hili linaniumiza kwa sababu hao ni watoto wetu. Lakini mito yetu ni ya msimu, na ule mchanga ndio tanki. Maji ya mvua yanajificha katikati ya chembe, jua haliyafikii, ndio mama zetu walikuwa wanachimba kwa mikono Agosti na bado wanapata ya kunywa. Lori likibeba mchanga mpaka mwamba, mvua inapita mbio na visima vya kando vinakauka. Kaunti ilipitisha sheria ya mchanga 2015, iko, lakini askari hawezi kulala kwa kila mto.

Kilichosaidia sehemu nyingi za Ukambani ni bwawa la mchanga. Watu wanaingia mwethya, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, wanajenga ukuta wa mawe na simiti kukata mto, mafuriko yanaleta mchanga unajaa nyuma yake, na maji yanabaki. Hapo wapeni hao vijana kazi yenyewe, wabebe mawe walipwe, halafu kando ya mto wagawiwe vipande vya kulima sukumawiki na nyanya. Mwenye nyanya zinazonyweshwa na ule mto atakuwa wa kwanza kusimamisha lori.

Tuko kikundi Nairobi, tumechanga kidogo. Tununulie shule ya kijijini nini?

Mpigieni mwalimu mkuu kwanza, lakini mkiniuliza mimi, tanki na gata. Paa la darasa moja la mita 8 kwa 6, mvua ya milimita 20 inawapa karibu lita 960, mvua moja tu hiyo. Fanyeni haraka kabla ya mvua ya Oktoba, ndiyo tunayoitegemea huku, na mtenge pesa kidogo ya mtu wa kupanda juu kutoa majani.