Kijana mrefu na mwembamba, kapime moyo

Kijana akirefuka, kocha wa kikapu anamtafuta, mashangazi wanamsifia, na wembamba wake watu wanasema ni ujana tu. Mimi nilisikia hayo miaka yote, kumbe nina Marfan.

Huu ni ugonjwa wa kuzaliwa nao unaodhoofisha tishu unganishi, zile nyuzi zinazoshikilia mifupa, macho na mishipa ya damu. Chanzo ni hitilafu kwenye jeni ya FBN1. Inakadiriwa humpata mtu 1 kati ya 5,000, wake kwa waume. Kwa karibu robo ya wagonjwa, wazazi hawana ugonjwa huo, kwa hiyo usijifariji kwamba kwenu hakuna.

Jaribu hivi. Kunja ngumi, kidole gumba kikiwa ndani. Gumba langu linatokeza hadi upande wa kidole kidogo, kucha yote nje. Sasa zungushia gumba na kidole kidogo kwenye kifundo cha mkono wa pili: vyangu vinapandana, kimoja kinafunika kucha ya mwenzake. Ongeza kifua kilichobonyea, mgongo uliopinda, nyayo bapa, miwani mikali tangu shule ya msingi, na michirizi mgongoni ilhali hujawahi kunenepa. Dalili moja peke yake si kitu. Warefu wengi ni wazima kabisa. Zikijikusanya, usikae nyumbani.

Kinachoua ni aota, mshipa mkuu unaotoa damu kwenye moyo. Unatanuka taratibu, hauumi, halafu siku moja unachanika. Flo Hyman, nyota wa voliboli wa Marekani, alianguka katikati ya mechi Japani mwaka 1986 akafariki akiwa na miaka 31. Ugonjwa ulijulikana baada ya kifo.

Kwa hiyo omba eko ya moyo, yaani ultrasound ya moyo, tena uitaje kwa jina. Kupimwa presha hakutoshi, na ECG, kipimo cha umeme wa moyo, haionyeshi upana wa aota. Daktari wa macho naye aangalie kama lenzi zimehama. Ukikutwa nao, kuna dawa kama atenololi na losatani za kupunguza kasi ya mshipa kutanuka, na upasuaji ukifika upana wa hatari. Vyuma vizito nimeviacha. Natembea kila jioni.

Jambo ambalo watu wengi hawaambiwi: sipro (ciprofloxacin), ile antibiotiki tunayojinunulia dukani kwa UTI. Mwaka 2018, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilionya kwamba dawa za kundi hilo zinaweza kuongeza hatari ya aota kuchanika, na ikawataja wenye Marfan. Mwambie mfamasia una nini kabla hajakupa.

Na maumivu makali yakikushika ghafla kifuani au mgongoni, kama kitu kinachanwa, au pumzi ikikata bila sababu, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Ukifika mapokezi, kabla ya kujaza chochote, sema: nina Marfan.