Mtoto wangu atamaliza lini? Maswali ya krediti kwenye haiskuli za Kikatoliki Marekani

Mwezi huu barua zimekuwa nyingi na karibu zote zinauliza kitu kimoja, mzazi kampeleka mtoto haiskuli ya Kikatoliki huku Marekani halafu katikati ya safari anaambiwa masomo hayatoshi. Nimechukua tatu. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa makusudi maana najua wengi mko hapo hapo alipo huyu mama.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Columbus, Ohio, tulitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Kijana wangu mkubwa ana miaka 17. Tulipofika walimuweka greidi ya 9 shule ya serikali akasoma hapo miaka miwili, halafu mwaka huu nikamhamishia haiskuli ya Kikatoliki kwa vaucha ya EdChoice, ile pesa ya jimbo ya kulipia shule binafsi, maana kule alikuwa anapigana kila siku na mimi nilitaka akue karibu na kanisa kama tulivyokua sisi. Sasa juzi wameniita wananiambia ana krediti 11 na nusu tu na wao wanataka 25, dini hana hata moja, masaa ya kujitolea hana, kwa hiyo inawezekana asimalize na wenzake. Karatasi zake za kambini zilikataliwa tangu siku ya kwanza, walisema 61 ni alama ya chini. Mimi hiyo krediti yenyewe hata sijui ni kitu gani. Baba yake anasema nimrudishe shule ya serikali. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mama, na pole sana. Usimrudishe bado, tukae kwanza tupige hesabu pamoja maana hiyo namba 25 inatisha kuliko ilivyo.

Kwetu mtoto anapimwa mwishoni. Kongo kuna Examen d'État, Tanzania kuna kidato cha nne na cha sita, Kenya KCSE, unaweza kucheza miaka mitatu ukajifungia mwaka wa mwisho ukasoma usiku na mchana ukafaulu. Huku siyo hivyo kabisa. Huku ni kama kibubu, kila somo ulilofaulu linadondosha shilingi yake humo, somo la mwaka mzima krediti moja, la nusu mwaka nusu krediti, na Ohio wanahesabu krediti moja ni masaa yasiyopungua 120 ya darasani. Ukifeli somo hakuna kinachodondoka. Lakini kibubu hiki kina vyumba, na hapo ndipo wazazi wengi tunapotea, unaweza kuwa na shilingi nyingi jumla na bado chumba kimoja kitupu, basi diploma huipati.

Jimbo la Ohio linataka krediti 20: Kiingereza 4, hesabu 4 na lazima Aljebra ya Pili au inayolingana nayo iwemo, sayansi 3, maarifa ya jamii 3, afya nusu, mazoezi ya mwili nusu, na 5 za kuchagua. Shule inayopokea EdChoice ni lazima iwe imesajiliwa na jimbo kwa hiyo hizo 20 inazifuata, halafu juu yake inaweka zake, na kwa Wakatoliki cha kwanza ni dini, krediti moja kila mwaka miaka yote minne, greidi ya 9 hadi ya 12. Hapo ni 24, na nyongeza nyingine ya shule ndiyo imeifikisha kwenu 25.

Sasa kijana. Dini kwanza kwa sababu ndiyo imekushtua. Shule nyingi za Kikatoliki zina utaratibu kwamba mwanafunzi anasoma dini kila muhula anaokuwa pale shuleni, na aliyehamia katikati hadaiwi ya miaka ambayo hakuwepo. Masaa ya kujitolea nayo mara nyingi yanapunguzwa hivyo hivyo, wanagawa kwa miaka. Ila siyo shule zote, na hii ndiyo ya kuuliza kabla ya kitu kingine chochote, na uulize kwa imeili au kwa barua ili jibu liwe na maandishi, jibu la mdomo kwenye korido mwakani litakataliwa na mtu mwingine kabisa ambaye siku hiyo hakuwepo.

Wakikubali, 25 inakuwa 23. Toa 11 na nusu alizonazo, zinabaki 11 na nusu. Akisoma masomo saba mwaka huu na saba mwakani hizo ni 14. Umeona? Kwa jumla kijana anafika na anabakiza. Kinachonitia wasiwasi mimi siyo jumla mama, ni chumba cha Kiingereza. Waliofika na lugha nyingine mwaka wa kwanza wanawekwa ESL, yaani darasa la Kiingereza kwa wanaojifunza lugha, na shule nyingine zinaiandika ESL kama somo la kuchagua siyo kama Kiingereza. Toa transkripti yake, ile karatasi ya masomo yote na alama, angalia mstari wa Kiingereza. Kama ana 1 tu anadaiwa 3 ndani ya miaka miwili, na hapo inabidi mwaka mmoja asome Kiingereza mbili kwa pamoja, au achukue moja wakati wa kiangazi. Inawezekana, watoto wanafanya. Lakini lazima ipangwe sasa, ukiigundua Machi ya greidi ya 12 umeshachelewa. Na hapo hapo waulize shuleni wana msaada gani wa lugha, maana shule ya serikali inabanwa na sheria kumsaidia mtoto anayejifunza Kiingereza, tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya 1974 kesi ya Lau, wakati shule nyingi binafsi hazina hata mwalimu mmoja wa kazi hiyo.

Hesabu angalia mpangilio tu. Aljebra ya Kwanza, jiometri, Aljebra ya Pili, kisha moja juu yake, na shule nyingi haziruhusu kuruka. Kama mbili za kwanza anazo, mko sawa.

Halafu hizi karatasi za kambini, hapa mimi naumia kweli. Nyarugusu watoto wa Kikongo wanasoma mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa, na Kongo 50 kwa mia ndiyo kufaulu, mwalimu anabana alama, mtoto mwenye 61 mzazi anatembea kifua mbele. Ohio 61 ni D. Mtu wa ofisini anaangalia namba bila kujua imetoka wapi anasema mtoto huyu dhaifu, tuanze naye upya. Hata Tanzania ni hivyo hivyo, kidato cha nne 75 tayari ni A, huku 75 ni C. Kwa hiyo usipeleke karatasi peke yake. Tafuta mfasiri aliyeidhinishwa akutafsirie, na ule ukurasa wa mwisho au mgongo wa biletini, yaani ripoti ya alama ya Kongo, wenye maelezo ya alama nao utafsiriwe, kama hauna maelezo omba mtu anayejua mfumo aandike barua fupi kwamba 50 ni kufaulu. Ofisi za Catholic Charities, shirika la misaada la Kanisa Katoliki, zilizopokea wakimbizi mara nyingi zina watu wanaojua pa kuanzia, waulize. Hata kama ni krediti moja au mbili watazirudisha, chukua. Transkripti ya shule ya serikali ilikuja bila hizo lakini haijafungwa, shule mpya inaweza kuongeza.

Na Kifaransa chake! Mama, kijana anaongea Kifaransa halafu unakuta wamempanga Kihispania cha Kwanza kwa sababu ndicho kilikuwa na nafasi. Omba mtihani wa kumpima Kifaransa. Akipelekwa moja kwa moja Kifaransa cha Tatu au cha Nne anapata krediti nyepesi na alama nzuri inayopandisha GPA, yaani wastani wa alama zake zote, na kama shule ina AP ya Kifaransa, somo la ngazi ya chuo, basi hata chuo kinaweza kumhesabia. Kiswahili nacho kisilale, kuna muhuri unaobandikwa kwenye diploma kwa mtoto anayejua lugha mbili vizuri, ulianzia California kwa sheria ya 2011 na majimbo mengine yakafuata, muulize kaunsela, yule mshauri wa masomo pale shuleni, kama shule yenu inautoa.

Kwa baba, mwambie hivi kwa heshima: ukimrudisha shule ya serikali katikati ya mwaka masomo ya nusu mwaka yanaweza kupotea, na dini aliyosoma huenda ikahesabiwa ya kuchagua tu au isihesabiwe. Nendeni wote wawili kwa kaunsela, mbebe transkripti na karatasi za Kongo, mwombe mpango wa miaka miwili ulioandikwa somo kwa somo, muhula kwa muhula. Mkalimani mwombeni, na tafadhali mtoto asiwe ndiye anayetafsiri, atatafsiri anachotaka msikie. Kama kaunsela akikataa kuandika huo mpango au wakidai dini ya miaka yote minne, hapo mrudi kwangu au mfikirie ushauri wa baba.

SWALI: Asalaam aleikum Mwalimu. Kwetu Mombasa lakini sasa tuko Dallas. Binti yangu anataka haiskuli moja ya Kikatoliki kwa sababu ya sayansi na pia ni ya wasichana watupu, jambo ambalo mimi na mamake tunalipenda. Wametupokea vizuri. Lakini nimeona kwenye kijitabu cha masomo dini ni lazima miaka minne. Yeye ni Muislamu. Anaweza kusamehewa? Na wataathiri imani yake?

JIBU: Waaleikum salaam baba. Kusamehewa, kwa shule nyingi jibu ni hapana, dini pale ni somo kama kemia, lina mtihani na alama yake inaingia kwenye GPA, asipolifaulu hamalizi. Ni shule binafsi na sheria inawaruhusu. Kwa hiyo hili liamueni nyumbani kabla ya kulipa, siyo greidi ya 10 ndio mnaanza kugombana na ofisi.

Atakachosoma siyo siri. Maaskofu wa Marekani walipitisha mwongozo 2007 kwa ajili ya haiskuli, una masomo sita ya msingi: ufunuo na Maandiko, Yesu ni nani, kifo na ufufuko wake, Kanisa, sakramenti, na maadili. Halafu yapo ya kuchagua kama historia ya Kanisa, haki za jamii, na mahusiano na dini nyingine. Hilo la mwisho shule nyingi wanalifundisha greidi ya 12 na Uislamu unasomwa humo. Ukweli ni kwamba miaka mitatu ya mwanzo ni Ukristo mtupu na atatakiwa kuandika insha juu yake. Kuandika kwamba Wakatoliki wanaamini hivi siyo kukiri kwamba mimi naamini hivyo, na walimu wengi wa dini wanaielewa tofauti hiyo vizuri. Misa ya shule atahudhuria, atakaa kwa adabu, komunyo hapewi asiye Mkatoliki kwa hiyo hilo lisikusumbue. Na kumlazimisha mtu kuingia ni marufuku kwenye sheria yao wenyewe ya Kanisa, kanuni ya 748.

Sisi tuliokulia pwani tumeona watoto wa Kiislamu wakisoma shule za masista na kutoka na swala zao. Lakini muulize binti mwenyewe, na muulize pia mkuu wa shule mambo mawili: atapata wapi pa kuswali adhuhuri, na Ramadhani wanamsaidiaje siku za mazoezi. Namna watakavyokujibu hayo mawili itakuambia zaidi kuliko kijitabu.

SWALI: Shikamoo mwalimu, niko Louisville Kentucky, greidi ya 10, shule ya Kikatoliki. Nacheza soka na kocha anasema naweza kupata skolashipu ya chuo Division I, ngazi ya juu ya michezo ya vyuo. Kaunsela amesema nipo vizuri kumaliza. Ila rafiki yangu anasema dini haihesabiwi na NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ni kweli?

JIBU: Marahaba kijana. Rafiki yako yuko sahihi na wewe umeuliza mapema, hongera. Kumaliza shule ni kitu kimoja na kukubaliwa na NCAA ni kitu kingine, orodha ni mbili tofauti. Division I wanataka masomo ya msingi 16: Kiingereza miaka 4, hesabu 3 kuanzia Aljebra ya Kwanza, sayansi 2, moja ya ziada kwenye hayo matatu, maarifa ya jamii 2, na 4 nyingine ambazo lugha ya kigeni inaingia. Dini ya kufundisha imani haimo. Ile inayolinganisha dini mbalimbali kitaaluma inaweza kuingia, au falsafa. Kwa hiyo krediti zako nne za dini zinakusaidia kumaliza lakini kwa NCAA karibu zote ni sifuri, na GPA ya 2.3 wanayotaka wanaipiga kwenye hayo 16 peke yake, ile A yako ya dini haitakubeba.

Na kuna hili ambalo limewaumiza vijana wengi wazuri: kabla hujaanza greidi ya 12 lazima uwe umeshamaliza 10 kati ya hizo 16, na 7 kati ya hizo 10 ziwe Kiingereza, hesabu au sayansi, na mwaka wa mwisho huwezi kuzirudia hizo ili upandishe alama. Tena kama greidi ya 9 uliianzia Afrika halafu ukairudia hapa, waambie mapema, saa yao ya miaka minne inaanza siku ulipoanza greidi ya 9 popote ulipokuwa.

Kila shule ina orodha yake ya masomo yaliyokubaliwa kwenye tovuti ya NCAA Eligibility Center, tafuta ya kwenu, iprinti, weka alama ya kalamu kwenye uliyosoma na uhesabu mwenyewe. Halafu mpelekee kaunsela kabla ya kuchagua masomo ya mwakani, kwenye shule nyingi ni kati ya Januari na Machi, na kocha naye mpe nakala.