Usiwaite Dodoma, nenda Tabora

SWALI

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa miaka 43, naishi Morogoro. Mwaka 2004 nilipangiwa kazi Tabora nikakaa miaka minne, na sikuupenda mji ule hata siku moja. Joto, shida ya maji, upweke, halafu uchumba wangu ukavunjikia hukohuko. Uhamisho ulipotoka nilifungasha usiku nikaondoka bila kuaga. Sasa wenzangu watatu niliopanga nao nyumba moja wamenitafuta, wanataka nikakae nao Ijumaa hadi Jumapili. Wao hawakuhama. Nawapenda, ila kwa ule mji roho inakataa. Nimefikiria niwaambie tukutane Dodoma, ndiyo katikati, hata nauli niwachangie. Je, nitakuwa nimekosea?
Mama wa Morogoro

JIBU

Marahaba, mwanangu. Usiwaite Dodoma. Nenda Tabora, na ukalale nyumbani kwa mmoja wao, si gesti.

Nakuambia hivi kwa sababu mji huohuo mimi niliuchukia kabla yako. Nilipelekwa kufundisha Tabora mwaka 1987, nikiwa binti wa pwani ambaye hajawahi kuishi mbali na bahari. Nilikaa hadi 1991. Ukiniuliza leo nakumbuka nini, kitakachokuja kwanza ni foleni ya maji. Ndoo zilipangwa tangu saa tisa usiku. Aliyewahi alirudi kulala na kuacha jiwe ndani ya ndoo yake, upepo usije ukaipeperusha na mwenyewe akapoteza nafasi. Na lile joto la Oktoba, mawingu yanajikusanya kila jioni na mvua hainyeshi. Nilikuwa na kalenda ukutani, nakata siku kwa kalamu nyekundu kama mfungwa.

Tulikuwa walimu wanne nyumba moja. Mimi niliondoka. Mmoja alifariki mwaka 2011, na wenzangu wawili ndio waliomzika. Mimi nilituma rambirambi kwa simu. Safari ya kwenda sikuifunga. Nilijiambia ni mbali. Ukweli ni kwamba sikutaka kuuona ule mji, na hilo linaniuma mpaka leo ninapoandika.

Mwaka juzi, mwezi Novemba, hao wawili walinipigia simu wakiwa pamoja. Nami nilikuwa na wazo kama lako, kasoro mimi nilitaja Singida. Yule anayeishi mtaa wa Cheyo, hapohapo Tabora, akacheka, akasema, "Kuku nishamfungia." Nikapanda basi. Siku hizi ni lami, unapita Manyoni na Itigi, halafu pori refu la miombo, unaona mizinga ya nyuki imening'inia mitini. Zamani mvua ikinyesha njia ile ilikuwa tope, sisi tulitegemea treni tu.

Nikufikishe moja kwa moja kwenye kosa langu, maana ndilo linalojibu swali lako.

Jumamosi mchana tulikuwa mezani kwa mwenzangu wa Cheyo. Kapika ugali, kuku wa kienyeji, na uyoga wa porini uliotoka na mvua za kwanza, kaunga kwa karanga. Binti yake, ana miaka ishirini na kidogo, ndiye aliyekuwa akitunawisha. Mimi, kwa furaha ya kukutana, nikaanza hadithi zangu za siku zote, zile ninazowasimulia watu huku nyumbani wakacheka: kalenda ya kalamu nyekundu, vumbi, ndoo, jinsi nilivyolia kwa furaha barua ya uhamisho ilipofika. Nikamalizia na maneno ninayoyasema kila mara, kwamba siku treni ilipoondoka stesheni ya Tabora nilijiona nimepona.

Hakucheka mtu. Yule binti akaweka birika chini taratibu, akasema, "Shangazi, mimi nimezaliwa hapa."

Usiku tulikaa uani sisi watatu, kwenye mkeka chini ya mwembe. Mwenzangu wa Cheyo ndiye aliyeanza. Akasema, bila hasira, "Ulipoondoka ulipona. Sasa sisi tuliobaki tulikuwa nini, ugonjwa?"

Mwanangu, sikuwa na jibu. Miaka thelathini na zaidi nilidhani nausema mji, nyumba na barabara, vitu visivyosikia. Kumbe kila nilipousema nilikuwa nawasema wao, na waume waliowapata pale, na watoto waliowazaa pale, na makaburi wanayoyafagia. Nikawaomba radhi. Yule mwingine, anayeishi mtaa wa Isevya, akanipigapiga mgongoni kama mtoto. Yule wa Cheyo akasema radhi kubwa nimwombe binti yake.

Ndiyo maana nakukataza Dodoma. Ukiwaita wakutane nawe katikati, hawatasikia neno "katikati". Watasikia kwamba hata kwa siku mbili huwezi kukanyaga mahali walipoishi maisha yao yote. Hawatakwambia. Watakuja, watakula, watapiga picha, na kitu kitakuwa kimeshavunjika.

Hujaniuliza kama mji umebadilika, lakini najua unataka kujua. Umebadilika na haujabadilika. Maji ya Ziwa Victoria yamefika. Nilifungua bomba pale uani kwa mwenzangu, maji yakaja kwa nguvu mpaka nikaruka nyuma. Ila nikatazama chini nikaona beseni. Bomba halivuji, linafungwa vizuri, lakini beseni lipo pale usiku na mchana, linasubiri tone. Na kandokando ya ukuta wa jiko madumu saba ya njano, yamejaa, yamefungwa kwa vifuniko vya nailoni, moja limeandikwa kwa rangi "la kunywa". Nikamuuliza ya nini tena. Akajibu, "Siwezi kulala kama hayajajaa." Nilisimama pale muda mrefu. Mimi niliondoka nikajisahaulia. Yeye alibaki ndani ya ile shida, akaivuka, na mikono yake bado inaikumbuka.

Asubuhi ya Jumapili mama mmoja alipita na beseni la maembe kichwani, akanisalimu kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka, mayo." Nikajibu "Mwangaluka" kabla sijafikiri. Sikujua kama neno lile bado ninalo.

Baadaye walinipeleka Kwihara, kwenye lile tembe alilokaa David Livingstone, nje kidogo ya mji. Miaka minne nimeishi Tabora, nimefundisha watoto habari za misafara ya pembe na watumwa, na Kwihara sikuwahi kufika! Livingstone alikaa pale kuanzia Februari hadi Agosti 1872. Stanley, yule mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta, alimwacha mwezi Machi akaenda pwani kumtafutia wapagazi na mahitaji, Livingstone akabaki kuwasubiri. Nilisimama kwenye baraza ya udongo, milango ile mizito ya kuchonga imefunguliwa, nikawaza juu ya kalenda yangu ya wino mwekundu. Nilikuwa nasubiri tu. Mtu anayesubiri kuondoka haoni kitu. Hata embe lile la Novemba, ambalo watu wanalisafirisha kwa treni kuwapelekea ndugu zao, mimi nilikuwa nalila nikiwa nimesimama.

Sikwambii kwamba utaupenda. Joto bado lipo, na uchumba uliovunjika unaweza kukurukia kwenye kona yoyote. Kwa hilo nakushauri uwe na saa moja ya peke yako. Waambie wenzako mapema, waelewe. Nenda mahali palepale panapokuuma, iwe stesheni, iwe mgahawa, simama, ulie ukitaka, kisha rudi kwao. Mimi nilikwenda kwenye ile nyumba yetu ya walimu. Imepakwa rangi ya samawati na kuna cherehani barazani. Nikamsalimia fundi, nikanunua kanga yenye upindo mzuri, basi.

Kuhusu kuondoka bila kuaga, liseme wewe mwenyewe, Ijumaa usiku, kabla hawajalitaja. Usijitetee kwa joto wala kwa yule mwanamume. Waambie uliondoka vibaya na kosa ni lako. Na uulize walipitia nini tangu 2008, halafu unyamaze usikilize. Utakuta kuna misiba hukuijua na harusi hukualikwa. Usikasirike kwamba hukualikwa.

Kuna jambo moja unalo wewe ambalo watoto wao hawalipati kwingine popote. Ile Jumapili jioni nilimwita yule binti wa Cheyo tukakaa, nikamwomba radhi, kisha nikamsimulia mama yake akiwa na miaka ishirini na nne. Jinsi nilivyoshikwa na malaria wiki nzima, na mama yake akawa anaamka saa tisa kupanga ndoo mbili, yake na yangu, na kwenye yangu akaweka jiwe alilolipaka rangi ya kucha ili mtu asijidai amesahau ni ya nani. Binti hakuwahi kusikia kwamba mama yake aliwahi kuwa na rangi ya kucha. Akacheka mpaka akamwita mama yake jikoni. Na wewe unazo hadithi kama hizo za hao watatu. Zipeleke.

Usiende mikono mitupu. Kutoka Morogoro chukua ndizi za Matombo au mchele wa Kilombero, vitu vya kwenu. Wao watakupa asali. Ukibahatika watakupa ya nyuki wadogo, nyepesi, yenye uchachu kidogo. Mimi nilipewa chupa moja na nimeiweka kabatini, nalamba kijiko siku nikiwa na kikohozi. Omba ruhusa kazini ya Jumatatu pia. Siku mbili hazitoshi, na basi la alfajiri ya Jumatatu litakufanya uondoke tena usiku kama mara ile. Safari hii uondoke mchana, wakusindikize mpaka stendi, watu wakuone.

Kama ujumbe wa Dodoma umeshautuma, piga simu leo ukaufute.