Anko wa Skrini anajibu: katuni inatoka lini, na ni ya nani hasa?

Mwezi huu sanduku limejaa katuni tupu. Nahisi ni hizi trela zinazoachiwa mapema mno, mtoto anaiona leo anadhani filamu ni kesho. Nimechagua barua chache, nyingine zinafanana na hizi, msinune.

Anko shikamoo. Nina wawili, mmoja miaka mitano mwingine tisa, waliona trela basi kila asubuhi ni "mama inatoka lini". Nikatafuta tarehe nikakuta nchi moja ni Juni, nyingine mwisho wa Julai, nyingine Agosti. Si filamu imeshakwisha jamani? Wanaificha ya nini? – Mama Wawili

Marahaba dada yangu. Hawaifichi, wanasubiri shule zifungwe. Ndo siri yote hiyo. Filamu ya watu wazima inaweza kutoka siku yoyote kwa sababu mtu akitoka kazini anaenda zake, ila mtoto wa miaka tisa Jumanne saa nane mchana yuko darasani, na jioni kuna homuwek, kwa hiyo ukumbi unabaki na viti na mfagiaji. Wakati wa likizo kila siku inakuwa kama Jumamosi.

Wanachukulia hili jambo serious kuliko unavyodhani. Mwaka 1994 Disney walitoa The Lion King mwezi Juni, ikauza vibaya sana yaani kwa uzuri, halafu Septemba shule zilipofunguliwa wakaiondoa kwenye kumbi, kabisa, ikiwa bado inatafutwa na watu, wakairudisha Novemba karibu na likizo. Filamu ileile, imeuzwa awamu mbili.

Sasa kwa nini tarehe zinatofautiana, ni kwa sababu likizo zinatofautiana. Inside Out ilitoka Marekani tarehe 19 Juni 2015 ila Uingereza wakasubiri hadi 24 Julai, maana watoto wa kule wanafunga shule mwishoni mwa Julai. Frozen ilitoka Marekani Novemba 2013, Japani wakaipata tarehe 14 Machi 2014, likizo yao ya mwisho wa mwaka wa shule, na ikaingiza zaidi ya yen bilioni 25, watu wanaimba mpaka wanaboa. Hao Wajapani filamu za Doraemon, yule paka roboti, karibu kila mwaka ni Machi, familia hata hazihitaji kuuliza. China nao wana Mwaka Mpya wao, Ne Zha 2 iliachiwa siku ya kwanza ya sikukuu, 29 Januari 2025, ikapita dola bilioni 2 na sehemu kubwa kabisa ya hela hiyo ilitoka humohumo China.

Marekani kwenyewe, ukiacha Krismasi, kuna milango mitatu. Juni na Julai, Pasaka (Mario, yule wa gemu, aliingia Jumatano ya kabla ya Pasaka 2023 akavuka dola bilioni 1.3), na ile Sikukuu ya Shukrani ya Novemba ambayo ni Alhamisi, kwa hiyo filamu wanaiachia Jumatano ili wapate siku tano za familia zilizojikusanya nyumbani na hazina la kuzungumza. Toy Story ya kwanza mwaka 1995 ilipita mlango huo, Moana pia, na Moana 2 mwaka 2024 ilipata dola milioni 225 kwa siku tano hizo tu, hapo ni Marekani na Kanada.

Ila usidhani tarehe ni uganga. Strange World ilipewa wiki hiyohiyo ya Novemba mwaka 2022, studio ileile, na dunia nzima ikaishia kama dola milioni 73 wakati kuitengeneza tu kulikuwa zaidi ya hapo kwa mbali. Ukiuliza watu inahusu nini walikuwa hawajui. Likizo inakuletea watu mpaka mlangoni, kuingia ni shauri yao.

Kwa hiyo wale wawili waambie ukweli tu, inatoka mkifunga shule. Watajifunza kuipenda kalenda.

Anko mambo. Nasomea animesheni, naandika skripti ya filamu ndefu. Mwalimu kanirudishia kaandika "mlengwa ni nani?" Mimi niliandika miaka 3 hadi 99 maana ni ya familia. Nimekosea wapi? – Mchora Usiku

Poa mdogo wangu. Umekosea hapo kwenye 3, na kwenye 99, na katikati pia kidogo.

Ngoja nikupe kisa. Nilimpeleka mpwa wangu, alikuwa na miaka minne, onyesho la asubuhi Jumamosi, bango lina mnyama mzuri wa manyoya mimi nikajua tumefika. Dakika ya ishirini hivi mnyama anaingia msitu wa giza, muziki unashuka chini, spika zote zinanguruma, dogo kanipanda kichwani. Filamu iliyobaki tumeiona korido tukila bisi. Lakini wakati natoka nilimwona baba mmoja safu ya mbele, ana watoto watatu, yule mkubwa wa kama miaka kumi amekaa ukingoni mwa kiti hapepesi, wa kati anamuuliza huyo nani huyo nani, na baba mwenyewe simu ameiweka mfukoni anacheka kitu ambacho watoto hata hawakukisikia. Ile filamu ilikuwa na mlengwa wake, ni yule wa miaka kumi, na ilimtengea baba yake kiti. Mpwa wangu hakualikwa, mimi ndo sikusoma kadi.

Hicho ndicho mwalimu anakuuliza. "Familia" ni kundi la watu wanaokuja pamoja kwenye gari moja, si umri. Studio kubwa wanagawa watazamaji kwa robo nne, wanaume na wanawake, chini ya miaka 25 na juu yake, na ndoto ya kila katuni ya bajeti kubwa ni kupata robo zote nne. Lakini kuzipata zote lazima uanze na mtu mmoja wa katikati. Na watoto wanatazama juu, hawatazami chini. Mtoto wa miaka saba anampenda shujaa wa miaka kumi, ila wa kumi ukimpa shujaa wa miaka mitano anakuambia hii ya watoto, na likishatamkwa hilo neno umekwisha, hata mama yake hamburuzi.

Ndo maana hata cheti cha umri cha Marekani kimegeuka. Zamani katuni kupewa G, yaani ya kila mtu, ilikuwa fahari. The Incredibles mwaka 2004 ikawa ya kwanza ya Pixar, studio ya Toy Story, kupata PG, yaani mzazi aongoze, leo PG ndo kawaida na G zinahesabika, kwa sababu wale wakubwa wakubwa wa darasa la sita wanaiona G kama chupa ya maziwa.

Sasa sikia sehemu ambayo wanafunzi wengi hawaiunganishi, umri na tarehe ni swali moja. Ukiandikia wa miaka mitatu hadi sita, filamu fupi, dakika themanini na kitu, haina msitu wa giza, hao wanategemea kalenda ya shule kidogo kuliko dada zao, wikiendi moja ya mvua inawatosha. Filamu ya pili ya PAW Patrol, wale mbwa wadogo waokoaji, iliachiwa mwisho wa Septemba 2023, shule zimeshafunguliwa, filamu kubwa zote zimekimbia uwanja, wao wakabaki peke yao na kwa bajeti ya kama dola milioni 30 wakapata karibu 200. Ingewekwa Juni ingekanyagwa. Upande wa pili kabisa kuna animesheni ya vijana, Demon Slayer ya Infinity Castle iliingia Marekani Septemba 2025 ikiwa na cheti cha R, yaani wa chini ya miaka 17 lazima aje na mtu mzima, na ikaanza na dola milioni 70 wikiendi ya kwanza, sababu mtazamaji wake anajiendea mwenyewe usiku, haombi lifti. Hawa wa katikati, miaka sita hadi kumi na mbili, pamoja na wazazi wao, ndio waliofungwa kamba na likizo, na ndio wenye hela nyingi kwa sababu mmoja akitaka kwenda mnanunua tiketi nne.

Kwa hiyo rudi kwenye skripti, mwandike mtoto mmoja, mpe umri, halafu kaa ujiulize nani atamleta. Huyo anayemleta mwekee vichekesho vyake viwili vitatu lakini asione unamkonyeza kila dakika, Shrek walifanya vizuri mwaka 2001 halafu kila mtu akaiga kwa miaka kumi mpaka ikawa kero.

Na ukishajibu usishangae wasambazaji wakikuhamishia tarehe. The Good Dinosaur ilipangiwa Novemba 2013, ikasogezwa Mei 2014, hadithi ikagoma, ikaja kutoka Novemba 2015, na Pixar mwaka 2014 wakakaa bila filamu yoyote halafu 2015 wakajikuta wana mbili. Tarehe kama hizo zinashikwa miaka kabla sababu viwanda vya midoli na mabegi vinataka muda wao, ukisogeza filamu unasogeza na makontena.

Anko, nilisoma Elemental imefeli, baada ya miezi miwili nasoma imefanikiwa. Nani alidanganya? – Mfuatiliaji

Hakuna, walisoma mapema tu. Ilianza na dola milioni 29 na kitu wikiendi ya kwanza Marekani, Juni 2023, kwa Pixar hiyo ni aibu, vichwa vya habari vikaizika. Lakini likizo ndo ilikuwa inaanza. Watoto wakaambiana, wazazi wakaambiana, ikamaliza karibu milioni 500 dunia nzima.

Katuni haiendi kama filamu za mashujaa. Zile Ijumaa watu wanajazana usiku halafu Jumamosi inashuka. Katuni Ijumaa ni ndogo, Jumamosi inapanda kwa sababu ya maonyesho ya mchana, na mzazi hana haraka, asipoenda wiki hii anaenda ijayo akipata mshahara. Angalia Puss in Boots ya pili, ilitoka siku nne kabla ya Krismasi 2022, wikiendi ya kwanza kama milioni 12 tu, ikaja kufunga Marekani na milioni 186, hiyo ni mara 15. Kwa hiyo ukiona mtu anatangaza msiba wa katuni Jumapili ya kwanza, mwache.

Anko, mimi nasubiri tu ije kwenye strimingi, nina sofa. Kuna ubaya? – Mzee wa Sofa

Hakuna ubaya mzee wangu, na waliokufundisha hivyo ni studio wenyewe. Wakati wa korona Pixar walipeleka filamu tatu mfululizo moja kwa moja nyumbani, Soul, Luca na Turning Red, na Encanto ilikaa kumbini siku thelathini tu, Novemba 24 hadi mkesha wa Krismasi 2021 ikawa sebuleni. Familia zikajifunza kusubiri, na naamini kabisa baadhi ya zile zilizoanguka 2022 zililipa deni hilo. Ila cha ajabu Encanto ilipofika sebuleni ndo ikalipuka, watoto wakairudia mara arobaini, wimbo wake mmoja Februari 2022 ukakaa namba moja Billboard, chati ya nyimbo ya Marekani. Na KPop Demon Hunters mwaka 2025 ikapinda barabara kabisa, ilianzia Netflix mwezi Juni, Agosti ndo ikapelekwa kumbini kwa siku mbili watu waimbe, filamu ambayo wanayo nyumbani, na wakalipa! Mtoto anataka kuimba na watoto wengine, sofa lako halina hilo.

Mimi kwa wale wenye chini ya miaka mitano nashauri sofa bila kusita. Ukiona msitu wa giza unashusha sauti.

Anko nina miaka 34, sina mtoto, naenda katuni peke yangu. Wananiangalia. – Jina kapuni

Wanatafuta mtoto wako yuko kiti gani, hawana nia mbaya. Nenda onyesho la usiku la katikati ya wiki, utakuta mko wengi, waliokuwa na miaka minane Toy Story ya kwanza walikuwa na ishirini na tatu ya tatu ilipotoka, na studio walijua, ndo maana Andy, yule mtoto mwenye midoli, naye aliandikwa anaenda chuo. Na mwaka 2022 vijana wakubwa kabisa walivaa suti na tai kwenda kuwaona Minions, filamu iliyokuwa imecheleweshwa miaka miwili na wao wakakua humohumo, kumbi nyingine zikawafukuza kwa kelele. We kelele huna, tatizo liko wapi. Ukienda Jumamosi asubuhi tu kaa safu ya nyuma, mbele kuna wafupi.