Kabla hujakubali injini ishushwe

Jana usiku kijana mmoja kaniandikia. Ana Toyota Vitz ya 2002, ile old model. "Kaka, gari inachemsha. Fundi kasema injini imekwisha, anataka milioni moja na laki tatu aniletee nyingine ya mtumba. Nimpe?" Kanitumia picha tatu za injini, namba ya fundi, na sauti ya dakika mbili fundi mwenyewe akieleza. Kitu kimoja tu hakunitumia: inachemsha wakati gani.

Nilikaa na simu mkononi, nikajiona mimi wa 2018.

Vitz yangu ilikuwa ya 2001, injini 1SZ, cc 997. Kagari kale katika soko la Ulaya kaliitwa Yaris, tena kakatwaa tuzo ya gari bora la mwaka 2000 huko. Kwangu kalifika kakiwa kameshapita kwa watu wawili, kiti cha dereva kimechanika, lakini nilikapenda. Nilitoka kwenye daladala, wewe! Nani angeniambia kitu?

Ilianza Kimara. Foleni ya jioni, Morogoro Road, taa nyekundu ya joto ikawaka. Vitz zile hazina mshale wa joto kwenye dashibodi, ujue. Gari inakaa kimya, inakaa kimya, halafu siku moja inawasha taa nyekundu, na ikiwaka hiyo umeshachelewa. Nikapaki pembeni, nikasubiri, nikaongeza maji, nikafika nyumbani.

Fundi wa kwanza akatoa thamostati, ile valvu inayofungulia maji kwenda kwenye rejeta. "Bosi, hiki kidude ni cha nchi za baridi, huku kwetu joto halihitaji." Nikaona ana akili. Kumbe thamostati kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake la kazi upesi na kuiweka hapo, Tokyo na Temeke sawasawa. Ukiitoa, injini inachukua muda mrefu kupata joto, kompyuta inadhani gari ndiyo kwanza imeamka, inazidi kumwaga mafuta. Kwa hiyo nikawa na gari inayochemsha na inayokunywa. Fundi wa pili akabadilisha rejeta. Wa tatu, wota pampu. Kila mmoja alimcheka aliyemtangulia, na mimi nilicheka nao.

Katikati ya hayo yote AC ilikuwa inasumbua. Nikiwa kwenye mwendo inapoza vizuri, nikisimama inapuliza joto. Nikajaza gesi. Baada ya mwezi nikajaza tena. Kwangu hilo lilikuwa tatizo jingine, la fundi mwingine na bajeti nyingine. Likumbuke, tutalirudia.

Desemba tukaenda harusini Morogoro. Mbele mimi na mama mkwe, nyuma mke wangu na shemeji wawili na masufuria. Mpaka Kibaha safi, Mlandizi safi, natamba. Tulipofika mizani ya Vigwaza, malori yamejipanga, tukasimama dakika arobaini kwenye jua la saa saba. Taa ikawaka. Nilipofungua boneti mvuke ulitoka kama tumechoma ndafu humo ndani. Mama mkwe akashuka na kitenge chake kipya, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa ya muuza maji, hakusema neno. Laiti angesema. Mpaka leo nikienda kule ananiuliza, "Mwanangu, umekuja na basi?"

Safari hiyo gasketi ya silinda hedi, ile inayozuia maji na oili visichanganyike, iliondoka. Moshi mweupe kwenye ekzosi, oili kwenye kijiti imekuwa chai ya maziwa. Hedi ikapelekwa kuchongwa, gasketi mpya, oili mpya. Nikijumlisha na rejeta na pampu na gesi za AC, niliacha laki nane na sitini elfu kwenye kagari ambako nilikanunua milioni tatu na nusu. Wiki mbili baadaye, foleni ya Mbezi, taa ikawaka tena. Sioni aibu kusema, nililia.

Aliyeniokoa ni jirani, mzee mmoja aliyewahi kuwa fundi umeme wa magari, miguu haimruhusu tena kuinama. Hata kusimama hakusimama. Akiwa kwenye kiti chake barazani aliniuliza, "Inachemsha ukisimama au ukikimbia?" Nikasema nikisimama. "AC je, inapoza ukisimama?" Nikasema hapana. Akaniangalia kama mwalimu anavyomwangalia mtoto wa mtu mkubwa. "Washa gari, washa AC, nenda mbele uangalie feni."

Feni haikuzunguka. Ilikuwa imelala, pengine tangu siku ile ya Kimara.

Gari ikikimbia, upepo wa barabarani unapita kwenye rejeta na feni haina kazi kubwa. Ukisimama upepo unakufa, feni ndiyo inatakiwa iuvute. Rejeta ya AC nayo imekaa mbele ya rejeta ya maji, zinategemea feni hiyohiyo. Yaani yale niliyoyaita matatizo mawili lilikuwa moja, na gari ilinipigia kelele miezi minne. Tulitazama fyuzi, nzima. Tukabadilishana rilei, ile swichi ya umeme inayowasha feni, na nyingine iliyofanana nayo, kimya. Tukachomoa soketi ya feni, tukavuta nyaya mbili kutoka kwenye betri moja kwa moja: kimya. Mota imekufa, kaboni zimeisha. Gerezani, Kariakoo, nikapata ya mtumba kwa elfu thelathini na tano. Kuifunga, nusu saa.

Elfu thelathini na tano! Na yule fundi wa kwanza bado nikipita ananiita bosi.

Kwa hiyo mdogo wangu, na wengine wote mnaoniandikia "gari inachemsha", jibu langu ni lile la mzee. Lini? Ikichemsha umesimama na kupoa ukikimbia, anza na feni. Ikichemsha kwenye mwendo mrefu au mlimani na kwenye foleni imetulia, tazama maji yamepungua wapi, rejeta imeziba au la, thamostati imeng'ang'ania au la. Maji yakipungua na chini hakuna tone, na asubuhi inatoa moshi mweupe usioisha, hapo ndipo tuzungumze habari za gasketi. Na mfuniko wa rejeta msiudharau. Ule ulioandikwa 1.1 unashikilia presha inayofanya maji yasichemke mpaka karibu nyuzi 120. Mpira wake ukikauka, maji yanachemka mapema na kukimbilia kwenye chupa ya akiba. Ni kitu cha bei ya chakula cha mchana. Usiufungue injini ikiwa ya moto, nina kovu kwenye mkono wa kulia.

Swali hilohilo linafanya kazi kwingine. Gari inamisi, yaani silinda moja haichomi na injini inatetemeka? Lini, ikiwa baridi, ikishapata moto, baada ya kuoshwa injini? Iache inaunguruma, chomoa soketi za koili, zile zinazozipa plagi umeme, moja moja. Ukichomoa moja na mlio usibadilike, silinda hiyo ndiyo haifanyi kazi. Hamishia koili yake kwenye silinda nyingine. Ugonjwa ukihama nayo, nunua koili moja, siyo nne. Usipohama, angalia plagi. (Kile kidude cha bei rahisi cha kusoma makosa kwenye kompyuta ya gari nilinunua pia, nikajiona daktari, kikakataa kuongea na Vitz yangu. Gari nyingi za soko la ndani la Japani za miaka ile hazielewani navyo.) Betri inakufa? Pima asubuhi kabla hujawasha, iwe karibu volti 12.6, kisha pima injini ikiwaka, iwe kati ya 13.8 na 14.5. Ya pili ikiwa chini, usinunue betri, tazama alteneta inayoichaji na belti yake.

Na acheni kuweka maji ya kisima kwenye rejeta, jamani. Visima vingi vya Dar ni chumvi tupu, mnaozesha rejeta halafu mnalaumu Wajapani. Wekeni kulanti, yale maji maalumu ya rejeta. Vijana mnapata hela ya rimu za kung'aa, ya muziki unaotikisa mtaa, ya stika ya "Mungu ni mwema" kwenye kioo cha nyuma, hela ya kulanti hamna. Mtu anajua gari ya jirani imetoka bandarini lini, yake hajui ilibadilishwa oili lini. Na fundi akikwambia kitu kimekufa, mwambie akuonyeshe kilivyokufa. Aliye na hakika haoni shida, mzee yule alinionyesha kila hatua kwa fimbo yake. Anayekasirika ukiuliza, chukua funguo zako.

Niliyasema haya yote kwa kijana, kwa sauti, dakika nane. Nikamwambia asitoe hata shilingi, awashe AC aangalie feni, na nikajiandaa kupokea shukrani.

Akajibu baada ya robo saa: "Kaka, feni inazunguka vizuri. Inachemsha nikipanda mlima."

Nimemwambia asubiri alfajiri, injini ikiwa baridi kabisa, ndipo afungue mfuniko wa rejeta aniambie maji yako usawa gani na yana rangi gani. Sasa hivi ni saa tatu asubuhi, hajajibu.