Darasa zima linataka urubani

Mwalimu, umesema ukiwauliza wanafunzi wako wa miaka 13 wanataka kuwa nani, wote hujibu daktari au rubani, nawe hujui uanzie wapi. Usiwalaumu, wanataja kazi walizoziona. Liweke kando swali hilo, uliza wanapenda kufanya nini wasipotumwa. Mwanasaikolojia John Holland aligawa mielekeo ya watu katika makundi 6: wa vitendo, wachunguzi, wasanii, wasaidizi, washawishi na wapangaji. Yachokoze mazungumzo tu, mtoto asibandikwe jina.

Kisha kila mmoja amhoji mtu mzima kuhusu kazi yake: asubuhi unaanza na nini? Kipi kinakuchosha? Ulijifunzia wapi? Mwanafunzi wangu mmoja alirudi na habari za fundi wa lifti. Darasa lilimsikiliza kuliko linavyonisikiliza mimi.

Baadaye waandike wasifu wao wa kuombea kazi (CV), uwe ukurasa mmoja. "Ninajituma" ni maneno matupu. "Nilipanga vitabu vya maktaba muhula mzima" inaonekana. Usaili wa kazi waigize wawili wawili, kisha wabadilishane viti. Anayekaa upande wa mwajiri ndiye hujifunza zaidi, maana anasikia mwenyewe jinsi jibu la "kazi yoyote tu" linavyochosha masikio.